Huku hakuna hodi: jibu kwa binti aliye masomoni Wuppertal

Swali

Shikamoo Mama Mchungaji. Naitwa Koku, nina miaka 26, natokea Kagera. Dayosisi yetu ilinileta Ujerumani Septemba iliyopita kusomea udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wahitaji, nami naishi Wuppertal. Miezi miwili ya kwanza nilifurahi sana. Tangu Desemba najiona siko sawa. Ibadani tunakuwa watu 25 hivi, karibu wote wazee, na baada ya muda wa saa moja tu tumemaliza, kila mtu anakwenda zake. Hakuna aliyewahi kunitembelea chumbani kwangu. Wananiita mara kwa mara nikawasimulie habari za Afrika, nivae kitenge, niimbe, basi. Nyumbani wanadhani nina hela. Usiku nalia, na nikipiga magoti kuomba maneno hayaji. Naogopa kusema, maana usharika wangu ndio ulionichangia nauli. Je, imani yangu imepoa? Nirudi?

Jibu

Marahaba, mwanangu Koku. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijiona mimi mwenyewe, Januari ya 1995, nimekaa kitandani hosteli nimevaa koti na kofia, nahesabu kwa vidole miezi iliyobaki. Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilikwenda Ujerumani nikiwaambia wenzangu kwamba baridi naijua. Baridi niliijua kweli. Giza sikulijua.

Nianze na hilo giza, kwa sababu umeuliza kama imani yako imepoa, na jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo ili kukubembeleza. Nimekaa miaka mingi nikiwaandaa vijana wanaotumwa na makanisa yetu kusoma ng'ambo, na wanaofika Ulaya Septemba huniandikia Januari, wengi wao kwa maneno yanayofanana na yako. Huko uliko, mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na kwenye saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Katikati hapo mara nyingi ni mawingu na mvua, na Wuppertal kwa mvua ina sifa yake. Mwili uliozaliwa pembeni mwa Ziwa Viktoria, uliozoea jua la karibu saa moja mpaka saa moja mwaka mzima, haujui uifanye nini siku ya namna hiyo. Usingizi unavurugika, hamu ya kula inakwenda, machozi yanakuwa karibu. Wajerumani wenyewe, waliozaliwa humo, hupatwa na huzuni ya majira ya baridi, na madaktari wao huitibu kama wanavyotibu ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo toka nje kila siku, kati ya saa sita na saa nane mchana, utembee nusu saa hata kama kumefunga mawingu. Mwanga wa nje wa siku mbaya bado unazidi mbali ule wa taa ya chumbani. Kisha chukua kadi yako ya bima uende kwa daktari wa kawaida wa mtaa wenu, yule wanayemwita Hausarzt, umwambie hayo hayo uliyoniambia mimi: usingizi, machozi, tangu lini. Mwulize pia kama inafaa kupima vitamini D, maana sisi wenye ngozi nyeusi tunaipungukiwa kwa urahisi katika nchi zenye jua hafifu. Kwenda kwa daktari hakumpunguzii Mungu kitu. Na ikitokea usiku mmoja mawazo yakawa mazito hata ukaogopa kubaki peke yako, piga 0800 1110111. Hiyo ni simu ya faraja inayoendeshwa na makanisa ya huko. Ni bure, inapokelewa usiku na mchana, na hulazimiki kutaja jina. Iandike leo, kabla hujaihitaji.

Kuhusu maneno ya sala kutokuja, usiyakimbize. Kichwa chako kinashinda kutwa kinatafsiri Kijerumani, na jioni kimechoka kama mikono iliyolima. Soma Zaburi kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako. Ile ya 13 inaanza na kilio cha "hata lini", na aliyekilia alikuwa anaomba. Ukisoma mistari minne ukalala, umeomba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo mzizi wa barua yako. Unasema hakuna aliyewahi kukutembelea. Koku, hawatakuja. Hawajui kwamba unawangoja.

Sisi tumelelewa na neno hodi. Mtu anapita njiani, anasikia sauti uani, anapiga hodi, anaitikiwa karibu. Mwenye nyumba akiwa anafua ataendelea kufua huku wanaongea. Mgeni hatafutiwi nafasi, nafasi ipo. Kwetu anayekwaza ni yule aliyepita bila kuingia: alipita hapa hata hakutusalimu. Kwa Mjerumani mlango uliofungwa unasema jambo jingine. Unasema ndani kuna mtu na shughuli zake, na heshima kubwa unayoweza kumpa ni kutomwingilia. Yule mama unayeketi naye benchi moja kanisani, asiyekuja kwako, inawezekana sana anajiambia: binti yule ana masomo mengi, nisimsumbue. Nawe unarudi chumbani ukijiambia: watu hawa hawanitaki. Mnaheshimiana nyote wawili, na mnaumizana, kila mmoja kwa malezi ya kwao.

Mwaka wangu wa kwanza nilimzoea bibi mmoja wa usharika, mjane. Jumamosi moja nikanunua machungwa nikaenda kwake bila taarifa, kama ambavyo ningefanya Lushoto. Nikabonyeza kengele. Sauti ikatoka kwenye kile chombo cha mlangoni: nani? Nikataja jina. Kimya kidogo, kisha akauliza, "Kumetokea nini?" Alidhani nimeleta habari ya msiba. Alinifungulia, lakini alikuwa katikati ya usafi, kajifunga kitambaa kichwani, na aliona aibu kuonwa vile. Tulikaa dakika kumi, hajui aweke wapi mikono yake. Nikarudi nikiwa na hakika kwamba sitakanyaga tena pale. Wiki ile ile nikapata kadi kwa posta, imeandikwa kwa mwandiko wa taratibu: je, ningeweza kufika Alhamisi ya tarehe fulani, saa tisa na nusu alasiri, tunywe kahawa? Nilipofika meza ilikuwa na kitambaa cheupe, mshumaa unawaka, na keki ya matufaha aliyoioka mwenyewe asubuhi. Tulikaa mpaka usiku ukaingia. Alinisimulia utoto wake wakati wa vita, mambo ambayo baadaye niligundua hata wanawe walikuwa hawajayasikia yote. Mpaka namaliza masomo, Alhamisi ya pili ya kila mwezi ilikuwa yangu.

Upendo wao umevaa saa na tarehe. Neno lenyewe utalisikia kila mahali, Termin, na nakuomba usilione kama ukuta, maana kwao ndilo hodi yenyewe. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, mwendee huyo mama wa benchi lako, yeye mmoja tu, umwambie kwa Kijerumani chako hicho hicho ulicho nacho: ningependa kuja kukutembelea, lini inafaa? Atatoa kitabu chake cha tarehe, ataperuzi, na huenda akakutajia siku iliyoko wiki tatu mbele. Usivunjike moyo. Kwao wiki tatu si kukukwepa. Akishaiandika, siku hiyo ni yako, na kuifuta kutamgharimu kuliko unavyodhani. Nawe fika kwa saa. Ukiwahi, zunguka mtaa kwanza. Ukiona utachelewa dakika kumi, piga simu.

Na hapo kwenye saa kuna mtego unaotunasa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Ukiambiwa halb drei, sikio litakuambia ni tatu na nusu. Sivyo: ni nusu ya kuielekea tatu, yaani 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Tunatafsiri mara mbili kichwani, mara moja kuvuka zile saa sita za tofauti ya hesabu yetu na yao, na mara ya pili kuirudisha hiyo nusu, na katikati hapo tunapotea. Andika kwa tarakimu kwenye karatasi, umwonyeshe aliyekutajia.

Ukialikwa jioni, jiandae kukuta mkate, jibini, soseji, matango ya siki na chai. Hakuna sufuria motoni. Mabinti wengi wa kwetu hurudi kutoka mwaliko kama huo wakisema, hawakunipikia, na ndani yao wanasikia wamedharauliwa, maana kwetu mgeni huchinjiwa kuku. Kwao chakula cha moto mara nyingi ni cha mchana, na cha jioni hata jina lake ni mkate wa jioni, Abendbrot. Wamekupa wanachokula wenyewe. Wamekuketisha kama mtu wa nyumbani, na hiyo ni daraja ya juu kuliko ya mgeni. Nawe uwaalike uwapikie. Ndizi zile kubwa za maduka ya Kiafrika ni jamii ya mzuzu, ndizi za Bukoba hutazipata humo kirahisi, lakini maharage ya nazi na wali havijawahi kuniangusha mbele ya Mjerumani. Unga mweupe wa mahindi unauzwa kwenye maduka hayo hayo. Ile polenta ya njano ya supamaketi ina chenga, ugali wake haushikani.

Kanisani sasa. Watu 25, wazee, saa moja, kwaheri. Nisikufiche, hata mimi iliniuma. Mtu aliyezoea kwaya tatu Jumapili moja, maandamano ya kutoka nje, duara la waumini mbele ya mlango, mnada wa mayai na mikungu ya ndizi, watu wakisalimiana mpaka jua la saa saba, halafu umpeleke kwenye ukumbi wa mawe wenye mwangwi ambako kila mtu ameacha viti vitatu kati yake na jirani! Na ni kweli kwamba kanisa lao linapungua. Tangu 2022 waumini wa makanisa yao mawili makubwa, la Kiinjili na la Kikatoliki, wakijumlishwa hawafiki nusu ya wananchi.

Lakini wewe ni mwanafunzi wa udiakonia, na ninakutaka uangalie kwa jicho la fani yako. Nenda siku moja Bethel, kule Bielefeld, si mbali na kwako kwa treni. Kazi ile ilianza 1867 kwa watu wenye kifafa, wakati ambapo familia nyingi ziliwaficha, na Friedrich von Bodelschwingh akaiongoza kuanzia 1872. Leo ni kama mji mzima wa watu wenye ulemavu, wagonjwa na wazee wanaohudumiwa. Vituo vya watoto wadogo, hospitali, nyumba za wazee, huduma kwa wasio na makazi, sehemu kubwa ya hayo katika nchi ile inabebwa na mashirika ya kanisa. Bibi wa benchi lako huenda Jumatano anakaa na wagonjwa wanaokaribia kufa, na Jumapili hatangazi kwa sababu kwao haitangazwi. Uliza. Chukua jarida la usharika, huwekwa mlangoni karibu na vitabu vya nyimbo, na utaona wiki ina mambo kuliko Jumapili. Na ukipata nafasi, shuka Barmen, hapo hapo Wuppertal, uende kanisa la Gemarke. Mei 1934 wajumbe wa makanisa ya Kiinjili walikutana pale wakaandika kwamba Kanisa lina Bwana mmoja, Yesu Kristo, wakati ambapo nchi nzima ilitakiwa kumtii bwana mwingine, Hitler. Nilisimama mbele ya kanisa lile nikanyamaza muda mrefu.

Ukishajua siku zao, omba kazi. Hili nalisisitiza kuliko lolote. Mgeni anahudumiwa, anashukuriwa, anasahauliwa. Mwenye zamu anatafutwa asipoonekana. Omba zamu ya kusoma somo la ibada, au kugawa vitabu mlangoni, au kupanga vikombe vya kahawa baada ya ibada. Kuna njia moja ambayo nimeiona ikifanya kazi kuliko zote kwa vijana wa kwetu, nayo ni tarumbeta. Zile bendi za tarumbeta tulizozizoea katika sharika zetu, zinazopigwa makaburini na sikukuu za Pasaka, asili yake ni Posaunenchor za Ujerumani, na Bethel ndiko alikokuwa Johannes Kuhlo, aliyezijenga kuliko mtu mwingine yeyote. Bendi hizo ziko nyingi bado, hufanya mazoezi jioni katikati ya wiki, humwazima anayeanza chombo na kumfundisha, na ndani yake mtoto wa miaka 12 anakaa pembeni mwa mzee wa miaka 80. Nyimbo nyingi unazijua tayari kwa Kiswahili. Huhitaji sarufi ili uhesabu mapigo manne.

Hiyo mialiko ya kusimulia Afrika nimeifikiria sana. Waliokualika wana nia njema, na wewe umechoka, na yote mawili ni kweli. Kinachochosha ni kusimama mbele ya watu kama picha, ukashangiliwa, kisha ukarudi kwenye chumba kile kile bila hata mmoja kujua unakula nini. Basi weka masharti, kwa upole, wanayaheshimu kuliko unavyofikiri. Kubali mialiko miwili kwa muhula, mingine waambie una mitihani. Uliza kabla: baada ya mazungumzo tutakaa mezani pamoja? Kama jibu ni hapana, waweza kukataa. Vaa kitenge kama siku hiyo ungekivaa hata nyumbani. Picha za watoto wa kijijini waliopigwa bila ridhaa ya wazazi wao usizionyeshe, hata kama zinafungua mifuko.

Na uwaambie nini? Waambie habari za kwenu Bukoba. Wamisionari wa Bethel walipofika huko mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kusoma Injili kwa Kiganda, waliyoipata upande wa Uganda, wakiwa wanakutana na kusali bila Mzungu yeyote. Wajerumani wengi hawajawahi kuisikia habari hiyo. Waambie kuhusu Josiah Kibira, mtoto wa Kagera kama wewe, aliyesoma theolojia Bethel mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa askofu wenu, na mwaka 1977 akachaguliwa Dar es Salaam kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile. Yeye pia alilala katika vyumba vya baridi vya Westfalia. Kisha wageuzie swali: ninyi mlianzaje kuamini, na wajukuu wenu wanaamini nini? Hapo ukumbi hunyamaza, halafu mtu mmoja huanza kusema, na kuanzia dakika ile hamsimulii tena Afrika. Kumbuka pia kwamba VEM, ambayo makao yake yako mji huo huo unaoishi, tangu 1996 ni jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanayoamua pamoja. Kanisa lako lina kiti pale, kwa haki yake.

Darasani sitakaa sana. Mwalimu akikuuliza maoni yako anayataka kweli. Kunyamaza kwa heshima anakusoma kama hukusoma kitabu. Mpinge kwa hoja, atakupenda. Ukisikia katika masomo ya Biblia kwamba Musa hakuviandika kwa mkono wake vitabu vyote vitano, au ukakuta msimamo juu ya ndoa ambao kanisa letu halikubaliani nao, usikimbie na usiige. Andika swali lako, lipeleke kwa mwalimu, na lingine niletee mimi.

Kuna jambo hukuliandika, lakini nitaliuliza mwenyewe, kwa kuwa wengi hulificha. Kiti cha pembeni yako kwenye basi kinabaki kitupu hali watu wamesimama? Umeulizwa unatoka wapi, ukajibu, ukaulizwa tena "lakini kwa asili"? Mengine ni ujinga unaoweza kufundishika, na bibi yangu wa keki ya matufaha alikuwa nao mwanzoni. Mengine ni dharau, na dharau huijui kwa maneno, unaijua kwa jicho. Ukitukanwa au kuguswa, ondoka penye hatari, piga 110, simu ya polisi, kama ni lazima, andika siku, saa na mahali, umpelekee mshauri wa wanafunzi chuoni na mchungaji wako wa huko. Kusamehe ni kwako na kwa Mungu. Kunyamaza kunamwacha mwenzako anayekuja mwakani akutane na mtu yule yule.

Hela za nyumbani. Hapa nitakuambia kama mama. Ukimjibu kila mtu kivyake utakwisha. Chukua karatasi moja, andika unachopokea, kisha pango, bima ya afya ambayo inazidi euro 120 kwa mwezi, chakula, simu, vitabu, na kinachobaki. Ipige picha umtumie mtu mmoja wa ukoo anayeheshimika, baba mkubwa au shangazi, yule ambaye akisema watu wanatulia, umwombe awe msemaji wako. Kama kuna kiasi unachoweza, kitaje mara moja, kwa muhula, kwa jambo moja, mathalani ada ya mdogo wako, ukishikilie. Kazi ya muda sheria inakuruhusu, siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280 tangu Machi 2024, lakini soma kwanza masharti ya ufadhili wako. Nimeona vijana wakifanya usafi usiku ili watume hela, kisha wakaanguka mitihani, na kijijini hakuna aliyejua sababu.

Karatasi nazipitia haraka. Kila barua kwenye sanduku lako fungua siku hiyo hiyo, hata usipoielewa, umpelekee mtu akusomee. Ile ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, si utapeli. Hutozwa kwa makazi, kwa hiyo kama mnakaa nyumba moja wanne mnalipa moja. Ulipojiandikisha manispaa waliuliza dini yako kwa ajili ya kodi ya kanisa. Kwa mkoa wako ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na asiyelipa kodi ya mapato hadaiwi. Tiketi ya treni iwe halali kabla hujapanda, faini ni euro 60 na machozi hayasaidii, nilijaribu enzi zangu. Kibali cha kuishi omba kukiongeza mapema sana, maana miadi ya ofisi ile hungojwa kwa wiki na wiki. Na mtafute mchungaji wa wanafunzi wa ESG, jumuiya ya Kiinjili ya wanafunzi. Wanao mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa kutoka kwetu waliokwama, unaotokana na Brot für die Welt, shirika la misaada la makanisa ya Kiinjili ya huko, na nimeona ukiwaokoa watu.

Urudi? Usiamue Januari. Usharika ulipochanga nauli ulimtuma Koku, na Koku akiumwa wanataka kujua. Mwandikie Katibu Mkuu wa dayosisi, bila kusubiri mambo yaharibike, kwamba kipindi hiki ni kigumu, unamwona daktari, unaomba waombe. Naahidi hutachekwa. Jumapili ya mwisho ya Machi watasogeza saa mbele, na kuanzia hapo jioni zitarefuka mpaka utashangaa. Juni utaona mwanga saa tatu na nusu usiku. Tuweke sasa, wewe na mimi, kwamba wiki ya kwanza baada ya Pasaka tunazungumza kwa simu. Ukiwa umemwona daktari, umepata zamu usharikani, umeingia nyumba mbili za watu, na bado moyo wako uko kama ulivyo leo, nitakusaidia mwenyewe kurudi kwa heshima. Ila usikate tiketi kabla dayosisi na wafadhili hawajajua, kwa sababu kibali chako kimefungwa na masomo na kukirudisha ni vigumu.

Nikutakie heri Jumapili hii. Niandikie tu tarehe ambayo mama wa benchi lako ameiandika katika kitabu chake. Siku ikifika, peleka maua madogo, na uyatoe kwenye karatasi kabla hujabonyeza kengele, ndivyo wanavyofanya.